Nukta za Jumamosi

Thika, Jumapili 6 Novemba 1955

Kwako Mjomba Mulei,

Barua hii anakuletea Omondi, dereva wa lori la makonge, pamoja na kabeji mbili ambazo mke wangu Syokau amezichagua mwenyewe. Kubwa ni yako, ndogo umpe mwenye nyumba wako, usibadilishe. Sisi hapa tu wazima. Mtoto wetu Wayua ameota jino la tatu na analijaribia kwenye kidole changu. Dada yako Ndunge, yaani mama yangu, anasema magoti yamepunguza kuuma, na mdomo wake, ungekuwepo ungejionea mwenyewe, haujapungua chochote. Anauliza utaoa lini.

Nakuita Mjomba kama mama alivyonifunza, ingawa nina miaka thelathini na minane na wewe ishirini na tisa. Babu alipooa tena uzeeni na kukuzaa wewe, mimi nilikuwa tayari nachunga mbuzi, na mgongo huu ndio uliokubeba. Lakini mjomba ni mjomba hata akiwa na kamasi. Mama husema mjomba akinuna watoto wa dada yake hawastawi, basi nakuheshimu.

Habari zimefika kwamba Bwana Injinia wa maji amekuchukua uwe karani wake wa hesabu huko Ruiru. Nimefurahi. Narudia, nimefurahi, ili usije ukasema nimeandika mara moja tu. Chanda chema huvikwa pete, nasi vidole gumba tunabaki kushika jembe.

Ila usisahau nani alikufundisha kupima. Injinia alipokuja hapa mwaka jana kuangalia kisima cha mashine, alinikuta mimi. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kupaka chaki kwenye tepu ya chuma, kuishusha taratibu ndani ya bomba, kuivuta, na kusoma pale chaki ilipolowa. Wewe ulikuwa umekuja kunitembelea tu, nikakupa tepu ushike ili usikae bure. Halafu akatupa mtihani wa vinukta vya desimali. Mimi najua futi, nusu futi na robo futi, na maji hayajawahi kunilalamikia. Ukapita wewe.

Basi hongera. Pasi ya kusafiri nimenyimwa tena, wanasema Hali ya Hatari bado, kwa hiyo usinitegemee kuja kula Krismasi huko.

Mpwa wako mkubwa,
Nzioka

*

Ruiru, 13 Novemba 1955

Mpwa wangu Nzioka,

Kabeji zimefika. Omondi alikula majani ya juu njiani, anasema yalikuwa yameoza. Msalimu Syokau na mwambie Ndunge nitaoa nikipata mtu asiyeniuliza hivyo. Nilipata barua kutoka nyumbani. Baba yangu, babu yako, amemwambia mwalimu amwandikie kurasa mbili, na jina lako limo mara saba. Langu liko kwenye bahasha. Nimesikia pia amekupa wewe mizinga yake ya nyuki, mimi mwanawe nikiwa hai. Sikuulizi kwa nini.

Sasa nina kazi, na bila wewe siiwezi. Nisome polepole.

Kampuni yenu inataka kupiga pampu saa kumi na sita kila siku, kwa sababu mashine mpya ya kukwangua makonge inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Injinia hataki kukubali wala kukataa kwa kubahatisha. Anaitengeneza Thika yenu juu ya karatasi: kisima chenu cha mashine, visima vya mashamba ya jirani, kisima cha wanawake kule laini kwenye nyumba za wafanyakazi, mvua, saa za pampu. Kuna kanuni ya hesabu inayosema maji yakivutwa hapa yatashuka kiasi gani pale, na baada ya siku ngapi. Mimi ndiye ninayepiga hizo hesabu kwa rula ya kuteleza. Halafu tunaiuliza karatasi, wiki kumi na moja zijazo maji yatakuwa wapi?

Nimeiuliza. Imejibu kwamba mkiendelea na saa kumi kwa siku kama sasa, Jumamosi ya mwisho ya Januari maji yatakuwa futi tisini chini ya mdomo wa bomba. Jana, kwa namba yako aliyoniletea Omondi, yalikuwa themanini. Unaijua hesabu ya kisima cha laini bila rula yoyote: maji hayahayo, bondeni. Yakishuka futi kumi, Syokau atachota matope. Saa kumi na sita hazifai kabisa, hata kumi ni nyingi. Mimi nimependekeza sita.

Injinia hajaniamini bado. Amesema tungoje maji yenyewe yaseme. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi kabla pampu haijawashwa, upime na unitumie namba kwa Omondi. Maji yakishuka kama nilivyosema, saa zitapunguzwa. Yakikaa juu, kampuni itapewa saa zake zote.

Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye tepu yako, Nzioka. Nilimwambia Injinia hakuna mkono ninaouamini zaidi ya huo.

Mjomba wako,
Mulei

*

Thika, 11 Desemba 1955

Kwako Mjomba,

Tumepokea kipande cha kitambaa, Syokau anashona gauni la Krismasi na kila jirani ameonyeshwa. Wayua alishikwa na homa, ikapita. Aketch, mke wa Omondi, amejifungua, na sasa Omondi anaendesha lori kama amebeba mayai.

Umeniambia nisome polepole, kana kwamba mimi hupanda mistari ya barua kwa ngazi. Nimesoma. Namba za Jumamosi tano, tangu tarehe 12 Novemba, ni hizi: futi 80, futi 80, futi 80 na robo, futi 80 na robo, futi 80 na nusu. Naona karatasi yako ina kiu kuliko kisima chetu.

Sisemi umekosea, mimi ni nani? Nasema tu kwamba kuna watu wanaokaa chini ya dari Ruiru, wamevaa kaptula zilizopigwa pasi, wakituambia sisi tunaosimama juu ya bomba maji yetu yatafanya nini Januari. Hata mhubiri hatuambii Mungu atafanya nini Januari.

Omondi anasema Injinia anakuita "Bwana Mulei" mbele ya watu. Mimi Meneja hapa ananiita "pampu". "Pampu, njoo." Miaka tisa.

Syokau ananiuliza kila Jumamosi namba ni ngapi ili awaambie wenzake kisimani. Amekuwa mtu mkubwa kule laini, mke wa mpima maji.

Mpwa wako,
Nzioka

*

Ruiru, 5 Februari 1956

Mpwa wangu,

Natumaini Wayua hana homa tena. Mimi ni mzima wa mwili. Mwenye nyumba wangu amefiwa na kaka yake, tulimzika Alhamisi. Nimepokea namba zako zote, Jumamosi kumi na mbili. Ya mwisho, ya tarehe 28 Januari, ni futi 81 na robo.

Injinia aliniita mbele ya Meneja wenu na wageni wawili waliotoka Nairobi. Akaweka karatasi yangu mezani, tisini, na yako kando yake, themanini na moja na robo. Akaniuliza, "Mulei, maji yamekosea au ni wewe?" Wakacheka. Nilisema labda ni mimi.

Kuanzia kesho kampuni ina ruhusa ya saa kumi na sita. Mimi nimerudishwa kuandika bahasha kwa wiki kadhaa, hadi hasira zipoe. Nimezipiga hesabu hizo upya mara nne. Kila mara zinatoka tisini.

Niambie jambo moja, wewe uliyesimama pale. Kisima cha laini kikoje?

Mulei

*

Thika, 12 Februari 1956

Kwako Mjomba Mulei,

Pole kwa msiba wa mwenye nyumba, na pole kwa yaliyokupata. Mambo ya ofisi ndivyo yalivyo, leo unaitwa Bwana, kesho unabandika stempu. Usijali. Mtu akianguka kutoka kwenye kigoda haumii kama aliyeanguka kutoka mtini, na wewe ulikuwa hujapanda sana.

Sisi ni wazima. Pampu inanguruma tangu asubuhi hadi usiku, Meneja anafurahi, na jana ameniita kwa jina. Mama anakusalimu. Gauni la Syokau lilimpendeza.

Mvua hakuna.

Nzioka

*

Ruiru, 26 Februari 1956

Nzioka,

Nimekuuliza kuhusu kisima cha laini, ukanijibu kuhusu gauni.

Wiki hii nilitoa namba zako nikaziweka kwenye grafu, kila Jumamosi nukta moja. Nimepiga nukta za visima tisa tangu nianze kazi hii. Maji ya kweli hayatulii. Jumamosi hii nukta iko juu kidogo, ijayo chini zaidi, mtu alipiga pampu muda mrefu Ijumaa, mtu mwingine alichelewa. Nukta zako zimepanga foleni kama watoto wa shule siku ya mkaguzi. Kila Jumamosi mbili, robo futi. Hakuna aliyetoka mstarini hata mmoja.

Bado nilisema, labda kisima chake kina adabu. Kisha Omondi akaniambia, bila kujua anachosema, kwamba kiwanda chenu kilifungwa kwa Krismasi tangu Alhamisi ya tarehe 22, na pampu ilizimwa hadi Jumanne. Nikatazama Jumamosi ya tarehe 24. Pampu imelala siku mbili, na wewe umeandika maji yameshuka robo futi.

Nzioka, dada yangu Ndunge alitufundisha sisi wawili kwenye shimo la maji la mto wa mchanga, kabla sijajua kuandika. Mwanamke akijaza kibuyu anakaa kando, na hakuna anayechota tena hadi maji yarudi yaguse alama ya jiwe. Yakichotwa hushuka, yakiachwa hupanda. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono nisichote kabla ya wakati. Mtu mwingine angeweza kukosea hapo. Wewe huwezi.

Sitamwambia Injinia. Nakuachia wewe umwambie.

Mjomba wako,
Mulei

*

Ruiru, 11 Machi 1956

Nzioka,

Omondi anasema barua ya tarehe 26 alikupa mkononi. Anasema uliisoma ukiwa umesimama, ukaiweka mfukoni, ukamwuliza bei ya matairi.

Nangoja.

Mulei

*

Thika, 18 Machi 1956

Kwako Mjomba wangu Mulei,

Mama ni mzima. Wayua anaharisha siku ya sita, ameanza kunywa uji jana, naamini atapona. Maji anayokunywa yanatoka mtoni.

Kisima cha laini kilikauka tarehe 3. Kwanza yalikuja maji yenye rangi ya chai, kisha matope, kisha ndoo ikagonga mwamba. Wanawake wanashuka mtoni na kupanda na madebe, Aketch akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Waliacha kumsalimia Syokau. Kila Jumamosi tangu Novemba alikuwa anasimama pale kisimani na kuwaambia wasiwe na hofu, mume wake anapima, maji ni mengi.

Jumanne aliingia na debe, akalitua, akaniambia, "Wewe si ndiye unayepima? Hukuyaona yakienda?" Aliuliza kwa upole kabisa, alitaka kujua tu. Nikasema tepu ni mbovu. Akaamini. Alikwenda kuwaambia wenzake kwamba tepu ni mbovu.

Mjomba, tepu si mbovu. Pamoja na barua hii Omondi ana daftari langu la buluu. Ndani yake utazikuta Jumamosi zote, za kweli. Nilipima kila moja, saa kumi na mbili, kwa chaki kavu, mara mbili mbili kama nilivyokufundisha. Kazi sikuweza kuiacha. Nikishamaliza kupima nilikuwa naandika namba ya kweli kwenye daftari, na ya uongo ya kukutumia kwenye karatasi. Tarehe 24 Desemba maji yalikuwa yamepanda futi mbili kasoro robo. Niliona, nikajua kwamba ningepaswa kuandika hivyo, na sikuandika, kwa sababu karatasi yako ilikuwa imesema vilevile kwamba pampu ikilala maji yatapanda.

Tarehe 28 Januari ilikuwa futi 89 na nusu. Ulisema tisini. Ulikosea kwa nusu futi, ukiwa Ruiru, umekaa kwenye kiti. Nilisimama juu ya bomba na tepu mkononi nikakuchukia. Kama ungekosea kwa futi tano labda ningekusamehe na kutuma namba sahihi.

Nilitaka uaibike mara moja tu. Nilidhani ukishaaibika nitarekebisha polepole, robo kwa robo, na hakuna atakayejua. Sikufikiri kuhusu kisima cha laini. Hapana, huo nao ni uongo. Nilifikiri, nikasema bado, bado kidogo.

Daftari limpe Injinia. Nimemwandikia barua yangu mwenyewe, iko ndani ya jalada. Meneja nitamwambia kesho.

Nzioka

*

Ruiru, 25 Machi 1956

Mpwa wangu Nzioka,

Wayua anaendeleaje? Niandikie hilo kabla ya lingine lolote. Nimempa Omondi dawa ya kuharisha kutoka kwa daktari wa hapa, maelezo yako kwenye chupa.

Injinia alisoma daftari lote akiwa amesimama. Alichukua rula akaweka nukta zako mwenyewe, moja moja, juu ya mstari wangu. Kisha akapiga simu kwa Meneja wenu. Kuanzia Jumatatu pampu ni saa sita kwa siku na Jumapili inalala, na saa hizo hazitaongezwa hadi karatasi na maji vikubaliane kwa misimu miwili ya mvua mfululizo. Anasema mkifuata hivyo kisima cha laini kitarudi, na kitakuwepo hata Wayua akiwa bibi.

Halafu akaniuliza, "Ulijua tangu lini?" Nikasema tangu wiki nne zilizopita. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikasema kwa ajili ya udugu.

Hilo nalo si kweli, na kwa kuwa wewe umeandika yako, nami niandike yangu. Niliponyamaza nilikuwa nataka uje mwenyewe. Nilitaka mtu ambaye baba yangu humtaja mara saba katika kurasa mbili aniandikie kwa mkono wake kwamba mimi nilikuwa sahihi. Nilingoja barua hiyo wiki tatu, nikiamka kila siku kuangalia lori. Kisima kilikauka ndani ya wiki hizo. Siku sita kabla ya tarehe 3 Machi ningeweza kusema neno moja na pampu ingezimwa.

Barua yako ilipofika niliisoma mara nyingi sana mahali ulipoandika nusu futi. Sijivunii hilo.

Mulei

*

Thika, 22 Aprili 1956

Kwako Mjomba Mulei,

Wayua amepona, dawa yako ilimsaidia, na hasira yake imerudi yote. Mvua ilianza Jumatano baada ya Pasaka. Mama amehamia kwetu kwa muda na anampikia Syokau, kwa hiyo hadi juzi nyumbani walikuwako wanawake wawili wasioongea nami, mmoja kwa sababu yake na mwingine kwa kumuunga mkono.

Meneja alinitoa kwenye pampu siku ileile nilipomwambia. Sasa nakata makonge na wenzangu, na mikono imejaa miiba kama ya mtu mgeni. Tepu amepewa mfanyakazi mwenzangu, Jeconia. Nilimfundisha asubuhi mbili, nyapara akisimama kati yetu. Anapaka chaki nyingi mno lakini ni mtu mwangalifu, na anaandika vinukta vya desimali kama vile anadonoa mahindi. Nimemchukia pia, nakuambia mapema.

Kisima cha laini kimerudi. Kwanza futi moja, sasa tatu. Wanawake wamejiwekea sheria yao wenyewe, wameweka alama ya jiwe ndani kama kwetu, na hakuna anayechota maji yakiwa chini yake. Walipokuwa wanaiweka walimwita Syokau aje aseme iwekwe wapi. Alikwenda.

Nilimwambia ukweli Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, maana nilijua ukiishia kwa Injinia tu utamfikia kupitia kinywa cha mtu mwingine. Nilimwambia yote, mtihani wa desimali, "Bwana Mulei", daftari la buluu. Nilimwambia tepu haikuwa mbovu, na kwamba aliwadanganya wenzake mara mbili kwa mdomo wake kwa sababu yangu. Alisikiliza huku akimvua Wayua viatu. Siku kumi na tisa hakusema nami ila la lazima.

Juzi, Ijumaa, tulikuwa tunapalilia mahindi, yeye mstari wake na mimi wangu. Akasimama, akaegemea jembe, akasema, "Baba Wayua, ungeniambia tu mimi. Ungeingia ndani siku ile ya mtihani ukasema, Syokau, namwonea wivu mjomba. Ningekucheka hadi unune. Tungekula, tungelala, na maji yangekuwepo."

Akarudi kwenye mstari wake. Nilisimama pale na jembe, nikaona kwamba ni kweli. Kwa miezi yote ile sikuwahi kumwambia mtu yeyote neno hilo, hata wewe, na niliandika kila kitu kingine.

Basi naliandika leo. Nakuonea wivu, Mjomba. Nilikuonea wivu ulipopita mtihani, nilikuonea ulipoitwa Bwana, nilikuonea uliposema tisini ikawa tisini. Omondi anasema Injinia amekurudisha kwenye hesabu na atakupeleka kupima visima vya upande wa Kalimoni. Hapo nimekuonea tena, tangu asubuhi hii, nyuma ya shingo hivi.

Cheka. Ukimaliza kucheka, niandikie namba ya Jumamosi hii, maana Jeconia hanionyeshi.

Mpwa wako,
Nzioka